Mtakatifu Karoli Lwanga: Kiranja Aliyesimama Mbele ya Wadogo

Kila mwaka shule zetu za Kikatoliki huwapata viongozi wapya wa wanafunzi. Huku Mbagala, kama ilivyo katika maeneo mengine ya Dar es Salaam, vijana hukabidhiwa nafasi za Kaka Mkuu na Dada Mkuu, uranja wa bweni, wa chakula na wa usafi, pamoja na uenyekiti wa TYCS. Nafasi hizo huja na heshima, na heshima huja na vishawishi vyake: kutangulia katika foleni ya chakula, kuukwepa ufagio, kuwatuma wa Kidato cha Kwanza kufua nguo zisizo zao. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwakumbusha vijana wetu maisha ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ambaye Kanisa humwadhimisha pamoja na wenzake kila tarehe 3 Juni. Kabla ya kuwa mfiadini, alikuwa kiongozi wa vijana wenzake.

Karoli Lwanga alizaliwa yapata mwaka 1860, katika ufalme wa Buganda. Imani aliyoipokea ilipitia katika nchi yetu. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakasafiri kwa miguu kuelekea Maziwa Makuu. Mwezi Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakafika Buganda. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka kwa sababu za usalama, wakahamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, jirani na Mwanza. Hawakurejea hadi Julai 1885. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili Kanisa changa la Buganda lilikaa bila padre. Walioliweka hai ni walei, wengi wao vijana, waliofundishana sala na katekisimu. Ndani ya ikulu, kiongozi wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe.

Mwaka 1884 Kabaka Mutesa alifariki, na mwanawe Mwanga akarithi kiti. Katika mwaka huohuo Lwanga aliingia katika utumishi wa ikulu. Alikuwa kijana mwenye nguvu na hodari wa mieleka, lakini zaidi ya hayo alikuwa na moyo wa kuwavuta wengine, naye akawekwa kuwa msimamizi wa vijana waliohudumu katika baraza kuu la mfalme. Ikulu ya Buganda nyakati hizo ilikuwa kama shule ya bweni. Watoto wa machifu na wa watu wa heshima walipelekwa huko kutumika, kujifunza adabu za utawala na kuandaliwa kuwa viongozi wa kesho. Lwanga, ambaye wakati huo alikuwa bado mkatekumeni, alipewa dhamana ya watoto wa watu.

Dhamana hiyo ilikuwa na hatari kubwa. Mwanga aliwataka baadhi ya vijana hao kwa matendo yaliyo kinyume na usafi wa moyo. Nao walikuwa wadogo, mbali na wazazi wao, mbele ya mtu ambaye neno lake lilikuwa uhai au mauti. Balikuddembe na Lwanga walitumia vyeo vyao kuwakinga: waliwapangia kazi mahali pengine, waliwaondoa machoni pa mfalme, waliwafundisha kwamba mwili wao ni wa Mungu na kwamba yapo mambo ambayo hata mfalme hana haki ya kuyadai. Hawakuchochea uasi. Katika kazi zote halali walikuwa watumishi waaminifu, tena wenye bidii. Walikataa jambo moja tu, nalo ni kuwatoa wadogo waliokabidhiwa kwao.

Mwishoni mwa Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga. Balikuddembe alithubutu kumlaumu mfalme kwa kumwaga damu hiyo, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyohiyo Lwanga alikwenda misioni kuomba ubatizo, akabatizwa. Kisha akarudi ikulu kuchukua nafasi ya kiongozi aliyeuawa.

Hapa tunawaomba viongozi wetu vijana watafakari kidogo. Lwanga hakuupokea uongozi huo katika sherehe wala kwa kushangiliwa. Aliupokea akijua vema ulivyomgharimu aliyemtangulia, na kwamba watoto wale sasa hawakuwa na mwingine wa kuwasimamia.

Miezi sita baadaye saa yake iliwadia. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, pembezoni mwa Ziwa Victoria, Mwanga alirudi kutoka mawindoni akiwa na hasira. Alipogundua kwamba baadhi ya vijana wake walikuwa wakifundishwa dini, aliamuru malango yafungwe. Usiku ule Lwanga aliwakusanya vijana, akasali pamoja nao, akawabatiza wakatekumeni waliokuwa hawajabatizwa, kama Kanisa linavyomruhusu mwamini yeyote kufanya katika hatari ya kifo. Mmoja wa waliobatizwa alikuwa Kizito, kijana wa umri wa miaka kama 14 hivi.

Asubuhi yake mfalme aliwataka wanaosali wajitenge na wenzao. Lwanga alikuwa wa kwanza kutoka. Mapokeo yanasimulia kwamba alitoka amemshika Kizito mkono, na wengine wakafuata. Walifungwa na kupelekwa Namugongo, wakakaa huko siku kadhaa kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Baadaye siku hiyo wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, waliviringishwa katika matete wakachomwa. Wakati huo kiongozi wao hakuwapo tena kuwashika mkono, lakini walisimama imara. Pengine hilo ndilo tunda kubwa kuliko yote la uongozi wake, kwa kuwa aliwalea vijana wenye kuweza kusimama hata asipokuwapo.

Mwaka 1934 Papa Pio XI alimtangaza Karoli Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza yeye na wenzake 21 kuwa watakatifu.

Wanafunzi wa Mbagala hawatazamii moto wa Namugongo. Lakini wadogo wanaohitaji kukingwa wapo hata leo. Yupo mwanafunzi anayenyang'anywa chakula chake bwenini, na yupo anayedhihakiwa kwa sababu wazazi wake hawana uwezo. Yupo pia binti au mvulana anayesumbuliwa na mtu mzima mwenye nguvu juu yake, iwe njiani, nyumbani au hata mahali alipopaswa kuwa salama, naye anaogopa kusema. Mara nyingi wa kwanza kulijua jambo hilo ni kiranja. Akinyamaza ili asipoteze upendeleo wa wakubwa, amekwisha kuuacha uongozi wake, hata kama bado anaitwa kiongozi. Akilipeleka kwa mlezi, mzazi, mwalimu au padre anayemwamini, na akaendelea kulipeleka hadi apate wa kumsikiliza, ameifuata njia ya Lwanga.

Usiku wa mwisho kabla ya mateso yake, Bwana wetu Yesu Kristo alijifunga kitambaa akawaosha wafuasi wake miguu. Lwanga alilielewa fundisho hilo akiwa bado kijana. Tunawasihi viongozi wa wanafunzi, wanapouanza utumishi wao, waanze kwa kuwajua kwa majina walio wadogo kuliko wote shuleni, nao wawaombee kila siku.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.