Mobutu, mtu aliyeweka sura yake kwenye makuta

Pale Kituku, boti za Idjwi na Minova zikifika asubuhi, mama muuza sambaza anaangalia noti kwanza ndipo anapima samaki. Anaigeuza, anatafuta kama imepasuka ao imebandikwa. Tangu mabenki yalipofunga milango hapa Goma katika Januari 2025, noti iliyochakaa haina pa kubadilishiwa. Mtu anaweza kuwa na franga mkononi na arudi nyumbani bila mboga.

Kulikuwa wakati pesa ndogo ya inchi hii haikuweza kupasuka, maana ilikuwa ya chuma. Vipande vingi vya pesa hiyo vilikuwa na sura ya mtu mmoja, Mobutu.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 kule Lisala, kando ya mto Congo. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu Mbelgiji, akafariki mtoto akiwa na miaka 8. Mama Yemo alibaki na mzigo. Kijana alisoma kwa wamisionari, akaingizwa jeshini kwenye Force Publique, kisha akawa mwandishi wa habari kule Léopoldville. Huko ndiko alijuana na Patrice Lumumba. Mwaka wa 1960 Lumumba alimwamini, akampa cheo cha juu katika jeshi. Tarehe 14 Septemba ya mwaka ule ule Mobutu akamweka pembeni. Miaka mitano baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, alichukua inchi nzima.

Alikuta pesa inaanguka. Katika Juni 1967 serikali yake ilitupa franga ya zamani na kuleta zaire: zaire 1 kwa franga 1.000, na ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Ndiyo, dola mbili. Zaire moja iligawanywa kwa makuta 100, na likuta moja kwa sengi 100. Kipande cha sengi 10 kilikuwa na chui. Kipande cha makuta 5, ambacho kilikuwa sawa na senti 10 za dola, kilibeba uso wa raisi mwenyewe. Jina makuta liliingia vinywani kabisa: hata leo mtu wa Goma akisema hana makuta, anasema hana pesa, ijapokuwa pengine hajawahi kuona likuta hata moja.

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, lazima isemwe. Shaba ilikuwa na bei. Mwaka wa 1971 inchi ikaitwa Zaire kama pesa yake, na mwaka uliofuata raisi naye akabadili jina, akawa Mobutu Sese Seko. Halafu, tarehe 30 Novemba 1973, alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wenyeji. Wenyeji waliopewa walikuwa zaidi wakubwa na marafiki zao, na wengi wao waliuza akiba iliyokuwa dukani na kufunga. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Deni likapanda, zaire ikashuka.

Siku za Noeli ya 1979 pigo lilifika hadi vijijini. Serikali ilisema noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kipimo. Aliyekuwa na benki jirani aliokoa kidogo. Mkulima aliyeficha mavuno yake ndani ya kopo, mbali na barabara, alibaki na makaratasi. Mobutu mwenyewe alikuwa na jumba zuri hapa Goma, kando ya ziwa, na majumba mengine kule Gbadolite na Ulaya.

Katika 1987 walitengeneza vipande vya chuma vya zaire 1 na zaire 5, mwaka wa kufuata cha zaire 10, sura ni ile ile. Havikudumu. Mwisho wa 1992 ilitoka noti ya milioni 5. Étienne Tshisekedi aliikataa, wafanyabiashara wakaikataa, na katika Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo waliingia mitaani Kinshasa kupora na kuua. Oktoba ya mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kule Kasai watu waliikataa, wakaendelea na noti zao za zamani.

Mwanzoni mwa Novemba 1996 waasi wa AFDL walichukua Goma. Mobutu, mgonjwa wa kansa, alikuwa Ulaya kwa matibabu. Alirudi, lakini tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa, na tarehe 7 Septemba akafia Rabat, Maroko. Alizikwa huko huko.

Katika Juni 1998 franga ilirudi, moja kwa zaire mpya 100.000. Tuhesabu basi: franga moja ni miliari 300 za zaire ile ya 1967. Ungetaka kuilipa kwa vile vipande vya makuta 5, ungehitaji miliari 6.000. Na kwa franga moja, pale Kituku, hupati hata jicho la sambaza.