Polisi aliyeacha kilo tano sauna, akaondoka na dhahabu mbili

SISI mashabiki wa soka hatukawii kuhukumu miili. Staa akirudi na kitambi kutoka likizo, jukwaa zima linapiga kelele atolewe. Ila soka haina mizani mlangoni. Mieleka inayo, na mizani hiyo ndiyo iliyomfanya Ivar Johansson akumbukwe mpaka leo.

Jamaa alizaliwa Januari 31, 1903, Norrköping, Sweden, mji wa viwanda vya nguo. Ukubwani akawa askari polisi. Mwaka 1932 akaenda Olimpiki ya Los Angeles, Marekani, na kuanza na mtindo huru, ule unaoruhusu kukamata miguu, uzani wa kilo 79. Akabeba dhahabu, Kyösti Luukko wa Finland akabaki na fedha.

Sherehe? Wapi! Mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ambao haugusi chini ya kiuno, ulikuwa unafuata hapo hapo, na Johansson alitaka kucheza uzani wa kilo 72. Akaingia sauna, chumba cha joto kali. Hakula kitu, jasho likamtoka mpaka kama kilo tano zikayeyuka ndani ya siku moja. Mizani ikamkubali. Akatwaa dhahabu ya pili, Mfini mwingine, Väinö Kajander, akishika nafasi ya pili.

Sasa tusidanganyane, kilo tano za siku moja si mafuta. Kilo moja tu ya mafuta ya mwili inabeba kama kalori 7,700, na mtu wa kawaida anachoma kama 2,500 kwa siku. Alichoacha mle ndani ni maji. Na maji hayo yanatoka mpaka kwenye damu: moyo unakimbia, pumzi inakata mapema, mwili unashindwa kujipoza. Faida yake ni kwamba misuli inabaki na unakutana na watu wadogo kuliko wewe. Ndiyo maana wanamieleka wakubwa wanayakimbia mafuta. Hayasukumi mtu, lakini mizani inayahesabu.

Wengine waliojikausha hivyo hawakurudi. Mwishoni mwa 1997 wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakipunguza uzito kwa pupa. Vyuo vikapiga marufuku sauna na nguo za mpira, na kuamua kwamba mafuta ya mwanamieleka yasishuke chini ya asilimia 5 ya mwili wake. Tangu 2018, mashindano ya kimataifa yanapima uzito asubuhi ya siku ya pambano, hivyo hakuna tena usiku mzima wa kurudisha maji.

Johansson mwenyewe alidumu. Berlin 1936 alirudi kwenye kilo 79, akachukua dhahabu ya tatu. Ulaya alibeba mataji tisa. Alifariki Agosti 4, 1979, akiwa na miaka 76.