Mwana Kupona: Mama Aliyemwachia Bintiye Utendi

Katika kisiwa cha Pate, jirani ya Lamu, ndiko alikozaliwa marehemu Mwana Kupona binti Mshamu. Wengi wetu, tuwe Lamu au Mvita, au hata bara huko Kitengela na Kajiado tulikofuata riziki, tumelisikia jina lake tangu utotoni kwa mama na bibi zetu, hasa harusi inapokaribia. Utendi wake unajulikana sana. Maisha yake hayasimuliwi sana, na bila ya kuyajua maisha hayo ni rahisi kuuelewa utendi wenyewe upande.

Mumewe alikuwa Muhammad bin Is-haq, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, sheikh wa mji wa Siyu. Siyu ya siku hizo ilikuwa na maulamaa wake, na waandishi waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono, na mafundi wa ngozi na wa majambia. Bwana Mataka alikataa katakata kuwa chini ya Sayyid Said wa Unguja. Katika miaka ya 1840 Sultani alipeleka majeshi Siyu, lakini yakashindwa, na amiri wake Hamad akauawa huko huko. Basi katika nyumba ya mtu kama huyo ndimo Mwana Kupona alimowalea wanawe wawili, binti yake Mwana Hashima na mwanawe wa kiume Muhammad. Anayemdhania kuwa alikuwa mwanamke wa ndani asiyejua dunia inakwendaje, naavikumbuke vita hivyo.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia, na mwaka huo huo akafariki hasimu wake Sayyid Said. Mwana Kupona akabaki mjane. Haukupita muda mrefu maradhi yakamshika, yakamlaza mwaka mzima, naye akaona wazi kuwa safari yake imekaribia. Mwaka 1858, yaani 1275 kwa hesabu ya Hijria, alimwita Mwana Hashima akae karibu naye, na aje na wino na karatasi. Binti alikuwa bado mchanga. Baba alikwisha kwenda, na mama alikuwa njiani.

Alichompa ni beti mia na mbili. Mwenyewe aliziita hirizi ya kufungwa kwa uzi na kuvaliwa, na tena kidani cha lulu na marijani. Alianza na dini, adabu na ulimi wa kweli. Kisha akamtajia watano ambao mwanamke hana budi kuwaridhisha: Mwenyezi Mungu, Mtume wake, baba, mama, na mume. Hapo kwa mume ndipo alipokaa sana. Amnyoe na kumtengeneza ndevu, amfukize udi, ampepee alalapo na asimgutushe, amtunze kama mtoto ambaye hajajua kusema.

Maneno haya ndiyo yanayogombaniwa leo. Wako wasemao kuwa bibi huyu aliwafundisha wanawake utumwa, na wako wanaoushika utendi huo kama sheria ya kumnyamazishia mke. Kwa maoni yetu wote wawili wanasahau kuwa hakuwa akihutubia umma. Alikuwa akisema na mtoto wake mmoja, aliyekuwa karibu kubaki yatima katika mji wenye maadui. Katika hali hiyo nyumba ya mume ndiyo ngome iliyokuwa imebaki, na mama alimfundisha bintiye namna ya kuishika funguo yake. Tena mwanamke anayemwona mumewe kama mtoto mchanga wa kubembelezwa si lazima awe anamwogopa! Hata hivyo si yote ya kuigwa. Kumwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi ni maneno ya mwanamke wa kiungwana wa zama zile, na zama hizo zimepita.

Mwisho wa utendi aligeukia dua. Aliwaombea wanawe na ndugu zake, akajiombea na afya. Alifariki yapata mwaka 1860, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hofu yake haikuwa ya bure, kwani miaka michache tu baadaye Siyu iliangukia mikononi mwa Sayyid Majid, mwana wa Sayyid Said.

Utendi haukuzikwa pamoja naye. Ulinakiliwa kwa herufi za Kiarabu, ukapita mkono kwa mkono, na mwaka 1917 bibi mmoja wa Uingereza, mtaalamu wa Kiswahili aitwaye Alice Werner, akaupiga chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Bibi huyo alikuwa amefika Lamu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwana Hashima alikuwa angali hai mjini humo, mwanamke mtu mzima sasa, zaidi ya miaka hamsini tangu siku ile alipoitwa aje na wino na karatasi.