Yuri Gagarin, Mtu wa Kwanza Kwenda Anga za Juu

Mimi nakaa Kanombe, karibu na kiwanja cha ndege cha Kigali. Kila nionapo ndege ikipaa humkumbuka Yuri Gagarin, nami napenda kuwaeleza wenzangu habari za maisha yake.

Alizaliwa tarehe 9 Machi, 1934, katika kijiji cha Klushino, Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Yuri alijifunza kwanza kazi ya kusubu chuma, kisha akawa rubani.

Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua mwili utakuwaje ukikaa mahali usipohisi uzito wake. Madaktari wengine walichelea kwamba msafiri atarukwa na akili. Kwa hiyo mitambo ya kuongozea chombo ilifungwa, na tarakimu za kuifungulia zikatiwa katika bahasha.

Tarehe 12 Aprili, 1961, akarushwa katika Vostok, akaizunguka dunia mara moja. Huko juu alikula, akanywa, akaandika, hata penseli yake ikaelea ikampotea. Baada ya dakika 108 alikuwa amekwisha rudi, mzima, na akili zake timamu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, mwenzake Gherman Titov alikaa huko zaidi ya siku nzima, akashikwa na kichefuchefu. Leo twajua kwamba wakaao miezi mingi hudhoofika mifupa na misuli, hivyo hawana budi kufanya mazoezi kila siku.

Gagarin alikufa tarehe 27 Machi, 1968, kwa ajali ya ndege, akiwa na umri wa miaka 34. Mimi namheshimu kwa sababu wataalamu walipokuwa wangali na shaka, yeye alikubali mwili wake ujaribiwe.