BWANA KITINI: MZEE ALIYEBEBA KITABU KICHWANI

 Katika mwezi huu wa Qur'ani tumkumbuke mzee mmoja wa Pate, kule Lamu: Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, maarufu kama Bwana Kitini.

Alitoka ukoo wa Wanabhani, uliotawala Pate kwa mamia ya miaka. Babu yake, Bwana Simba, alizijua habari za wafalme: nani alitawala, nani alimrithi, vita gani vilipiganwa. Mjukuu akakaa chini, akasikiliza, akashika.

Habari hizo zilikuwepo pia katika kitabu. Wanabhani waliposhindwa na majeshi ya Zanzibar, sultani wao alihamia bara, akajenga Witu miaka ya 1860. Septemba 1890 Wajerumani kadhaa wakauawa Witu. Oktoba, Waingereza chini ya Admirali Fremantle wakaja kulipiza kisasi, mji ukateketezwa. Imepokewa kwamba kile kitabu kilipotea humo humo. Ugomvi ulikuwa wa watu wachache, lakini hasara ikawa ya vizazi.

Basi watu wakamwendea Bwana Kitini. Alimsimulia Stigand, aliyechapisha habari hizo mwaka 1913. Mwaka 1914 na 1915 Bi Alice Werner naye akachapisha nakala ya Kiswahili. Wataalamu wanasema nakala zilizobaki chanzo chake ni mzee huyu. Lakini hazilingani kila mahali, hasa kwenye miaka, na kitabu cha kusahihishia hakipo tena. Kumbukumbu iliokoa mengi, haikuokoa yote.

Maswahaba walilitambua jambo hili mapema. Mahafidh wengi walipouawa katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar (r.a.) alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani kwa maandishi. Hawakungoja hasara ya pili.

Na sisi je? Wazee wetu wa Ukambani walisafiri na misafara ya pembe hadi Mombasa. Nani ameyaandika majina yao, njia zao, na jinsi Uislamu ulivyofika kijijini kwenu? Kabla ya Idd, kijana, keti na babu au susu yako baada ya futari. Uliza, rekodi kwa simu, kisha andika nakala mbili na uziweke nyumba mbili. Moto ukila moja, nyingine ibaki.

Allah amrehemu Bwana Kitini. Amin.