Bert Trautmann, Mlinda Lango

Kila mtoto wa Dunda hulijua Boma la Wadachi, kwa kuwa Bagamoyo ndio uliokuwa mji mkuu wao wa kwanza katika nchi hii, hata mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji huo kwa vita. Mataifa hayo mawili yalipigana tena tangu mwaka 1939 hata 1945, na uadui wao ukawa mkubwa mno. Lakini palikuwa na Mdachi mmoja, mcheza mpira, aliyependwa sana na Waingereza, na baadaye akafika hata nchi yetu kuwa mwalimu wa mpira. Jina lake Bert Trautmann.

Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa bandari wa Bremen. Alipokuwa bado mtoto, Hitler alishika serikali ya Ujerumani, na vijana wakafundishwa kuwachukia Wayahudi. Vita vilipoanza Trautmann akawa askari wa miavuli, akapigana Urusi na Ufaransa, hata mwaka 1945 Waingereza wakamkamata, wakampeleka kwao. Kambini alionyeshwa picha za Wayahudi waliouawa kwa wingi, akatambua uovu wa mambo aliyolishwa utotoni. Huko huko siku moja aliumia mchezoni, akabadilishana nafasi na mlinda lango. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kulinda lango.

Wenziwe waliporudishwa kwao, yeye alichagua kubaki. Mwaka 1949 timu kubwa ya Manchester City ilimwandika. Watu wakakasirika sana, wakaandamana njiani maelfu kwa maelfu, kwa maana wengi walifiwa na ndugu zao vitani, na katika mji ule walikaa Wayahudi wengi. Ndipo Alexander Altmann, mkuu wa dini ya Kiyahudi mjini Manchester, alipoandika barua gazetini. Yeye mwenyewe aliikimbia Ujerumani, na wazazi wake waliuawa na watu wa Hitler. Hata hivyo aliwasihi watu wasimwadhibu mtu mmoja kwa makosa ya taifa zima, bali wamwangalie mtu mwenyewe na matendo yake. Kidogo kidogo hasira ikapoa, na Trautmann akaitumia vema nafasi ile aliyopewa.

Tarehe 5 Mei 1956 Manchester City walicheza na Birmingham City katika uwanja wa Wembley, London, kushindania Kombe. Zilipobaki dakika 17, Trautmann alijitupa miguuni pa adui kuudaka mpira, akapigwa goti la shingo. Siku zile haikuwa ruhusa kumwingiza mtu mwingine badala ya aliyeumia. Basi akasimama, huku ameshika shingo yake, akazuia mipira mingine tena, na timu yake ikashinda kwa magoli 3 kwa 1. Baada ya siku chache waganga waliona ya kuwa mfupa wa shingo umevunjika. Pigo jingine lingaliweza kumwua. Hata kabla hajapona, mwanawe mdogo aligongwa na motokaa, akafa. Huzuni hiyo ilimlemea kuliko shingo. Walakini alirudi uwanjani, na alipoacha mwaka 1964 alikuwa ameichezea timu ile mara 545.

Baada ya hapo Wajerumani walimtuma kufundisha mpira katika nchi zilizohitaji walimu. Alifundisha timu ya taifa ya Burma, akaja Tanzania katika miaka ya 1970, kisha akaenda Liberia, Pakistan na Yemen, akiifanya kazi hiyo hata mwaka 1988. Mwaka 2004 Malkia Elizabeth wa Uingereza alimpa nishani, kwa kuwa aliwapatanisha Waingereza na Wajerumani kwa mchezo. Alifariki nchini Hispania tarehe 19 Julai 2013, naye ana miaka 89.

Enyi msomao, Altmann alikuwa na sababu ya kuchukia kuliko wengi waliopiga kelele njiani, naye hakuchukia. Kama angalidai kisasi, labda lango la Manchester lingalilindwa na mwingine, na vijana wa nchi nyingi wasingalimpata mwalimu yule. Siku mtakapoambiwa mmchukie mtu kwa ajili ya kabila lake, mtazameni kwanza mtu mwenyewe.