Milne, mkemia aliyeusoma udongo kutoka kilimani hadi mbugani

MKULIMA wa Ndalambo, wilayani Momba, anajua kuwa mahindi ya juu ya mteremko na yale ya bondeni hayafanani, hata kama mbegu na mbolea ni zile zile. Jambo hilo liliingizwa katika sayansi ya dunia na Mwingereza aliyefanyia kazi hapa hapa nchini, Geoffrey Milne.

Milne, mkemia wa udongo, alifika Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1928. Kituo hicho cha utafiti kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na sasa kilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Alikuta ardhi iliyokwisha kuwatia wengine hasara. Walowezi wa Kijerumani waliona msitu mnene, wakadhani chini kuna rutuba tele. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Haikuchukua miaka mingi kahawa ikadhoofu. Katika maandishi yake ya mwaka 1937 kuhusu mashamba ya Usambara, Milne alionyesha kuwa mvua nyingi ilikuwa imeosha virutubisho na kuacha udongo wenye tindikali. Rutuba ilikuwa kwenye tabaka jembamba la juu, la majani yaliyooza, na huko ndiko mizizi ilikojazana. Msitu ulijilisha kwa majani yake wenyewe; ukishakatwa, ghala limefungwa.

Leo inafahamika zaidi kinachotokea chini. Tindikali ikizidi, alumini iliyomo udongoni huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, nayo fosfeti hunaswa na udongo. Mkulima anaweza kumaliza mfuko wa mbolea ya dukani na mzizi usiambulie kitu, mpaka aweke chokaa kwanza. Chai huivumilia hali hiyo, ndiyo maana ilishika nafasi ya kahawa huko.

Mwaka 1935 Milne alitangaza wazo lililompa jina, akiliita catena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Juu udongo mwekundu, chini yake wa kijivu na kichanga, mbugani mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Maji huosha juu na kurundika chini, hivyo udongo wa kilima kizima ni wa ukoo mmoja. Mwaka 1936 yeye na wenzake walitoa ramani ya udongo ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alizunguka Tanganyika akichunguza udongo. Alifariki mwaka 1942. Taarifa ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1947.